Pijo Iliyoshuka kwa Kiganja Kimoja

Kila neno nitakaloandika hapa ni kweli tupu. Naapa kwa laini yangu ya simu, ile ambayo pensheni huingilia: nikiongeza chumvi hata punje moja, izimwe leo leo. Najua watu wa steji yetu, Kawangware 56, wanasema nini juu yangu. Wanasema Mzee Ndululu akikuambia kunanyesha, toa mkono dirishani kwanza. Waache waseme. Niliwaambia jinsi nilivyoendesha lori la unga kutoka Kitui hadi Industrial Area, soksi ya marehemu mke wangu ikiwa ndiyo fenibelti, wakacheka. Na ile soksi ya pili ninayo mpaka leo, kama kuna mtu anataka ushahidi.

Lakini hii ya Pijo ina mashahidi kumi na mmoja, wote waimbaji wa kanisa, na ina goti.

Tuanze na goti. Ni goti la kulia la Mama Daisy, jina lake la ubatizo Magdaline, mwalimu wa kwaya yetu, mjane kama mimi nilivyo mjane, muuza omena, dagaa wa ziwani, hapo nyuma ya steji. Goti hilo liligoma mwaka jana na halijarudi kazini. Sasa, kwaya ikitumwa kuimba kanisa lingine, hubebwa na pikapu yangu, Pijo ya mwaka wa themanini na tatu: waimbaji nyuma, Mama Daisy mbele pamoja na dereva. Dereva ni mimi. Dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi.

Mtu aliyestaafu ataelewa dakika hizo ni nini. Siku zile nyingine sina mahali pa kuziweka. Naamka kwa mazoea ya miaka thelathini na moja ya lori, navaa viatu, nafunga kamba, halafu nakumbuka hakuna anayeningoja. Naenda hata hivyo. Nashuka mpaka steji, napanda, nashuka tena. Naagiza chai naiacha mezani. Nafungua nati ya betri, naikaza, naifungua. Majirani wananiuliza, "Mzee, umepoteza kitu?" Nawaambia ndiyo, nilipoteza ufunguo. Wameutafuta pamoja na mimi mara mbili, watu wazuri sana.

Basi Jumapili moja Mama Daisy akawa anapanda Pijo pale steji. Pijo, kama mnaijua, imesimama juu. Alitia mguu mzuri, ule mbaya ukakataa kufuata, akabaki katikati, hayumo hayuko nje. Vijana wawili wa sauti ya tatu wakamshika makwapani kabla sijafika. Wa bodaboda walioegesha hapo wakaanza kuhesabu kwa sauti, "Moja! Mbili! Tatuuu!" kama watu wanaopakia friji. Kiatu kikaanguka. Wakapiga makofi.

Njia nzima alikishika kiatu mkononi. Tulipofika, alivaa kiatu chake polepole akaniambia, akiniita kwa jina la mwanangu kama kawaida yake, "Baba Mumbua, sitapanda gari hili tena mpaka siku nitakayopanda kwa miguu yangu."

"Nitakuletea stuli," nikasema.

"Stuli ni ya kukamulia ng'ombe. Mimi ni ng'ombe?"

Hapo ndipo Nicanor alipoingia. Nicanor ni mzee wa kanisa, msomaji wa matangazo, mtu wa kwao Mama Daisy huko ziwani, tena ana gari dogo lililolala chini kama sahani. Alikuja na funguo zikining'inia kidoleni. "Magda, kwangu unaingia tu kama unakaa kwa sofa ya nyumbani."

Mama Daisy akasema, "Nitafikiria."

Angekataa, ningelala. Angekubali, labda pia ningelala. Lakini hilo "nitafikiria" lilinifanya nipande na kushuka steji mara saba Jumatatu ile kabla ya saa nne. Jumapili iliyokuwa inakuja kwaya ilikuwa inaenda Silanga, kule Kibera, kando ya bwawa. Nilikuwa na siku sita. Nikapima ngazi ya kanisa ambayo Mama Daisy hupanda bila kushikwa, nikapima kizingiti cha mlango wa Pijo. Tofauti ilikuwa upana wa kiganja changu. Pijo lazima ishuke kiganja kimoja, ama Magdaline aende na Nicanor, na akishaenda naye mara moja, nani atamrudisha kwenye kiti changu chenye springi iliyochomoza?

Nikaenda kwa Shivachi, fundi wangu.

"Niaje, mzee. Pijo imekula nini tena?"

"Haijala kitu. Nataka ishuke."

"Ishuke wapi?"

"Chini. Kiganja kimoja."

Shivachi alitoka chini ya gari alilokuwa akilitengeneza, akaniangalia kuanzia kofia. "Buda, hiyo ni kazi ya vijana. Unataka nikuwekee na taa za bluu?"

Nilimweleza habari ya goti. Akaacha kucheka, kwa sababu Shivachi ana mama. Akaizunguka Pijo, akailalia mgongo, akainuka. "Sikia. Mbele tunakata springi raundi moja. Nyuma tunaweka chuma kati ya ekseli na springi za majani, tunafunga na yu-bolti ndefu. Shokabsoba zote nne tunatoa, tunaweka fupi. Alafu alainment, kunyoosha magurudumu, ama itakula matairi kama njugu. Elfu ishirini na nane, na hapo nimekuhurumia."

"Niko na elfu nne."

"Kwa elfu nne, mzee, nakushushia dirisha."

"Si ushushe nyuma tu?"

"Nikishusha nyuma peke yake, taa za mbele zitamulika ndege. Na mama akikaa hapo atadhani yuko kwa dentist."

Nikarudi nyumbani nikatoka tena. Sikuwahi kusomea ufundi popote, ila mikono yangu imesoma. Jumanne nilipata mlango wa zamani wa mbao ngumu, nikaukata vipande viwili vizuri, nikavitoboa, nikavipaka mafuta. Kama chuma kinakaa kati ya ekseli na springi, mbao itashindwa na nini? Jumatano asubuhi nikaipiga jeki Pijo nje ya gereji ya Shivachi, nikafungua yu-bolti za upande mmoja, nikaingiza kipande changu. Kiliingia kama kimezaliwa hapo. Nilikuwa napiga mluzi.

Viatu vya Shivachi vikasimama karibu na kichwa changu.

"Mzee Ndululu. Hiyo ni nini?"

"Teknolojia."

"Hiyo ni mlango! Naona mpaka shimo ya kitasa!" Akanivuta mguu nikatoka. "Hiyo mbao itapasuka kwa bampi ya kwanza, ekseli iende na njia yake, na kwaya yote ikaimbie mbinguni. Toa. Toa sasa hivi, ama niite pasta."

Nikatoa. Alirudisha yu-bolti mwenyewe, hakuniamini hata kukaza nati. Siku hiyo nilitembea mpaka viatu vikapata moto. Nilipita kibanda cha omena mara tatu. Mara ya tatu Mama Daisy akaniita, "Baba Mumbua, unauza nini? Nakuona unazunguka kama mchuuzi." Nikamwambia nauza njia, imebaki kuipima tu. Alicheka kidogo. Kisha akasema Nicanor amempigia simu kuuliza Jumapili amchukue saa ngapi.

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia nangoja kuona Pijo."

Alhamisi Shivachi aliniomba nimbebee giaboksi ya lori mpaka kwa mnunuzi wake. Wanaume wanne waliinua lile dude wakaliweka nyuma, likiwa limeegemea kabisa ukuta wa kabini. Pijo ikahema, ikakaa chini. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa dereva. Nikaona kizingiti kimefika mahali pasipo pake. Nikaweka mkono, nikapima.

Kiganja, kasoro kidole.

Nilitamani kumbusu Shivachi. Sikumwambia kitu. Fundi anataka elfu ishirini na nane kushusha gari, na kumbe gari linajua kushuka lenyewe, mradi lipewe sababu! Ijumaa nikaenda hadiwea na elfu zangu nne, nikanunua mchanga. Mimi, mtu wa Machakos, ambako mchanga tunaukanyaga tukienda kuchota maji, nikaununua kwa pesa ya pensheni. Yule mama wa hadiwea akaniuliza, "Mzee, unajenga?"

"Najenga."

"Plot iko wapi?"

"Iko na matairi."

Nilijaza mchanga huo katika magunia kumi na mawili makuukuu ya sukari, ambayo nilipewa bure. Sakafu ya Pijo imeliwa na kutu, kuna mashimo ambayo nikiwa kwenye foleni huona barabara. Nikayafunika kwa maboksi ya katoni. Nikayapanga magunia kuanzia ukuta wa kabini, nikaweka mbao juu, nikatandika kapeti ya kijani. Kidole kilichobaki nikakipata kwa kutoa upepo matairi ya mbele. Jumamosi jioni kizingiti kilikuwa sawa na ngazi ya kanisa. Niliingia na kutoka mara ishirini nikijifanya nina goti.

Jumapili Nicanor alikuwa ameegesha karibu na steji tangu mapema, mlango wa abiria wazi. Mama Daisy alikuja na gauni la kwaya la zambarau na mkoba wake. Akaiangalia Pijo. Akaiangalia tena. Safari hii hakuna bodaboda aliyehesabu. Akashika mlango, akatia mguu mzuri, akatia ule mbaya, akakaa. Hivyo tu. Alikaa kama mtu anayekaa kwake.

"Baba Mumbua!" akasema. "Umeishusha!"

"Kidogo tu."

"Umeishusha namna gani?"

Na hapo, wasomaji wangu, mimi niliyeapa mwanzoni kusema kweli, nasema kweli: nilidanganya. Mdomo uliondoka kabla yangu. "Nimekata springi nne kwa mikono hii. Nikafunga vyuma kwenye ekseli. Shivachi alikuwa ananishikia tochi tu, na hata tochi yenyewe alikuwa anaitetemesha. Alisema hajawahi kuona kitu kama hicho. Kuna Mhindi wa Industrial Area amenipigia anataka nimfundishe."

"Mhindi!" akasema Mama Daisy, na macho yake yakawa na kitu ambacho ningekikatia springi hamsini.

Nyuma, Syombua, katibu wa kwaya, mtu wa kwetu kabisa na kwa hiyo mgumu kudanganya, aligonga kioo. "Mzee, mbona huku sakafu imepanda?"

"Ni sakafu mpya. Ya kisasa."

"Imepanda mpaka nimekuwa mrefu kuliko kabini."

"Imbeni," nikasema.

Wakaimba. Na kwaya yetu haiimbi kwa mdomo tu. Ni kwaya ya kukanyaga. Kila kiitikio, miguu ishirini na miwili inashuka pamoja kwenye mbao, du! du! du! Pijo ilikuwa imelala chini hata kila tuta lilitukwangua tumbo. Nicanor alitufuata kwa nyuma, na tulipofika Dagoretti Corner akaanza kupiga honi. Piiip. Pip pip piiip. Nikamwambia Mama Daisy, "Sikia wivu huo, una sauti." Akacheka akifunika mdomo na mkoba.

Ngong Road nilikuwa naona namba ya gari la mbele yangu. Tulipokunja kuelekea Olympic, kuingia Kibera, nikaona kwamba naliona paa lake. Sikujali. Nilidhani ni furaha imeninyoosha mgongo. Usukani ulikuwa umeanza kuwa mwepesi, matuta yamekuwa na heshima, hayatugusi tena.

"Baba Mumbua," akasema Mama Daisy, "mbona ni kama tunapaa?"

"Ni barabara. Wameitengeneza."

Piiiiip, alisema Nicanor.

Kwa kioo cha pembeni nikaona watu wanakimbia nyuma yetu na makarai. Nilifikiri kuna mfereji umepasuka mahali. Kibera watu hukimbia na makarai kwa sababu nyingi, huwezi kusimama kuuliza kila moja.

Tukashuka mpaka Silanga, nikaegesha mbele ya kanisa la mabati, karibu na wauza makaa. Wenyeji walikuwa wamejipanga kutupokea. Waimbaji kumi na mmoja wakaruka chini kwa mara moja. Ile Pijo, ilipopoteza watu wale, ikainuka. Iliinuka pole pole, kwa madaha, kiganja, na kidole, na juu yake. Naapa ilipita hata pale ilipokuwa mwanzo.

Mama Daisy akafungua mlango, akatoa mguu mzuri kutafuta ardhi. Mguu ukaning'inia. Akaupunga kidogo, huku na huku, kama mtu anayetafuta ndara chini ya kitanda. Ardhi haikuwepo.

"Baba Mumbua," akasema bila kugeuka.

"Naam."

"Ulinipandisha nikiwa chini. Mbona unanishushia juu?"

Mwanamke mmoja mwenye karai kichwani alifika akihema, jasho linamtoka, akanishika mkono. "Baba, Mungu akubariki. Hii mchanga ni ya NGO ama ni ya mheshimiwa?"

"Mchanga gani, mama?"

"Si hii mnamwaga kutoka huko juu! Mimi nimepata karai tatu. Kuna jamaa pale nyuma ameshaanza kuchanganya na simiti, anapiga sakafu. Kesho mnapita saa ngapi, ndio niambie dada yangu?"

Wakawa kama tisa, kila mtu na chombo chake, mmoja na beseni la mtoto. Syombua hakungoja. Alipanda nyuma, akavuta kapeti, akatoa ubao mmoja, akainua gunia la kwanza kwa vidole viwili. Lilikuwa limepasuka kutoka juu hadi chini, tupu, kama soksi. Kupitia shimo la sakafu ukaonekana udongo wa Silanga.

"Ndululu!" akaita, hata "mzee" akaisahau. "Springi ulizokata ni hizi?"

Nicanor alishuka kwenye sahani yake. "Nimepiga honi toka Dagoretti Corner! Nilidhani unajua unamwaga."

Kwaya yote ilinitazama, wenyeji wakanitazama, watu wa makarai wakanitazama kwa upendo. Mama Daisy peke yake hakunitazama. Alikuwa ameketi pale juu na mguu wake hewani, gauni la zambarau, uso mbele.

"Sema," akasema.

"Mama Daisy, mimi..."

"Si kwa sauti ya mimi na wewe. Sema wasikie."

Nikasema. Nilisema sikukata springi hata moja. Nilisema Shivachi hakushika tochi. Nilisema upepo wa matairi, magunia, katoni, mlango uliokuwa na shimo la kitasa. Nilisema hakuna Mhindi. Nilipofika kwa Mhindi, mwanamke wa karai akasema, "Aki pole."

"Kwaya iko na sheria," akasema Syombua. "Mtu akidanganya kwaya, faini ni soda ya kila mtu."

"Soda mtakunywa mtasahau," akasema Mama Daisy. Nicanor alikuwa ameita wale vijana wawili wa sauti ya tatu waje wamshike. Mama Daisy akawainulia kiganja wakasimama. "Mtu asiniguse. Mimi nashuka kwa miguu yangu, nilishasema. Baba Mumbua, ngazi yangu ya kushukia iko wapi?"

Nikaangalia huku na huku. Kulikuwa na gunia la makaa kwa jirani. Kulikuwa na jiwe.

"Sijaomba jiwe," akasema.

Nilikuwa nimevaa suti ya kahawia, ile niliyoagwa nayo kazini. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, na mbele ya kanisa hilo, ndugu zangu, hakujawekwa lami. Nikavua kofia nikampa Syombua. Nikapiga magoti, nikaweka mikono chini, mgongo ukawa sawa na meza.

Kikaja kiatu kimoja, kikapima. Kikaja cha pili. Mama Daisy si mwepesi, na sitaki mtu aniambie kwamba ni mwepesi. Akasimama hapo juu yangu.

"Tulia," akasema.

"Nimetulia."

"Unatingishika."

"Ni mbavu, zinasogea zenyewe."

"Ziambie."

Nikaziambia. Akakaa hapo muda ambao kwaya yote ingeimba beti mbili, akirekebisha kitambaa chake, akiwasalimia wenyeji mmoja mmoja kwa jina la Bwana. Kisha akashuka, mguu mzuri kwanza. Hakuna aliyepiga makofi. Akaingia kanisani, na mimi nikakaa benchi la nyuma na magoti ya matope, na kwa ibada nzima ya muda wa saa tatu sikutoka nje hata mara moja, kwa sababu nilikuwa nangoja kuona atarudi na gari gani.

Ibada ilipoisha, Nicanor alikuwa wa kwanza kutoka. Akafungua mlango wake wa abiria, akakipangusa kiti kwa leso. "Magda, karibu. Ya kwangu haibadiliki njiani."

Mama Daisy alifika pale, akashukuru. Akalitazama lile gari, akaitazama Pijo imesimama juu, tupu, ina aibu.

"Asante, Nicanor, lakini huyu bado ana deni langu," akasema. "Amelipa ya kushuka. Ya kupanda hajalipa."

Nilikuwa nimeshavua koti. Nikampa Syombua, nikainama penye matope yale yale.